Bega Usilipake Mafuta

Pelkie, Michigan
26 Septemba 1971

Mwanangu Arvo,

Salamu nyingi zikufikie huko ng'ambo ya ziwa. Nakuombea uwe mzima, uwe unakula, na uwe umepata koti la maana kabla baridi haijashuka. Ukitaka kujua ya huku, mimi mwili ni mzima. Ng'ombe ni wazima. Viazi tumevichimba, havikuoza sana.

Baba yako si mzima. Tangu niliposhika kalamu nimekuwa nikiizunguka habari hii, lakini haina mlango mzuri wa kuingilia. Mwezi uliopita alikuwa juu ya gari la nyasi kavu, akakaa kitako ghafla kama mtu aliyechoka. Alipotaka kuniita, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu anaukokota. Maneno yamemtoka yote, Kiingereza na Kifini, limebaki moja tu: ei. Hapana. Analisema kwa kila kitu. Kahawa anaikataa huku anainywa.

Sikukuandikia mapema kwa sababu wale wawili wa serikali walirudi, wakauliza tena kama tuna anwani yako. Niliwaambia mtoto aliyekataa vita na kuvuka mpaka haachi anwani mlangoni. Simu siitaki, unajua laini yetu tunaigawana na majirani, na kila nyumba ina sikio.

Sasa nisikilize. Msimu wa kulungu unafunguliwa katikati ya Novemba na friza letu halina nyama. Nitakwenda mwenyewe. Kabla sijaolewa nilikuwa napiga, na baba yako anajua kwamba nilikuwa napiga kumshinda. Tatizo ni risasi. Bunduki ya babu yako ni ya zamani, risasi zake madukani zimekwisha, ndiyo maana miaka yote baba yako alikuwa akizijaza mwenyewe. Maganda matupu yapo, ndoo nzima. Baruti ipo, fataki za kuiwashia zipo, vipimo kaviandika ukutani kwa mkono wake. Nisichokijua ni mafuta. Nakumbuka alikuwa habani ganda kwenye ile kalibu ya kulirudishia umbo bila kulipaka kitu. Rafuni kuna kopo la mafuta ya bunduki, na kibati cha kitu cha manjano kama nta, hakina jina. Kipi? Kiasi gani? Nikigusa kimoja baba yako anasema ei, nikigusa kingine ei.

Kwa Onni Saari siwezi kwenda. Zamani ningevuka uzio tu. Tangu mwanawe Dale arudi kutoka vitani ndani ya sanduku, Onni akituona kanisani anahamia benchi la upande wa pili.

Niandikie upesi.

Mama yako

*

Pelkie, Michigan
17 Oktoba 1971

Arvo, mwanangu,

Hujambo? Mimi sijui nijibu nini nikiulizwa hivyo.

Sijapata barua yako. Labda umehama, labda unaumwa, labda hutaki. Nimesubiri nikachoka kusubiri, nikafikiri kwa akili yangu: bunduki ni bunduki, basi mafuta yake ni mafuta ya bunduki. Nikayamimina kwenye kitambaa nikayapaka maganda mpaka yakang'aa. Ya kwanza yaliingia na kutoka, ila yalitoka na mabonde mabegani, pale ganda linapopungua kwenda shingoni, kama debe lililopigwa ngumi. Nikasema basi mafuta yamezidi. Nikapunguza. Lililofuata likaingia nusu. Nikaegemea mpini kwa uzito wangu wote, likaingia. Kulitoa likakataa. Nilivuta, kitu kikalia kama mfupa unaovunjika, ukingo wa kitako cha ganda ukang'oka, ganda lenyewe likabaki limenasa ndani.

Baba yako alisikia. Alikuja na fimbo yake, akapita mlango wa banda kwa ubavu, akaitazama kalibu. Alisema ei. Kisha akalichukua kopo la mafuta ya bunduki kwa mkono wa kushoto, akataka kulitupa, likamponyoka likamwagikia viatu vyake. Akasimama pale, Arvo, akaviangalia viatu. Nilimfuta. Hatukutazamana.

Yale maganda yenye mabonde nimeyajaza hivyo hivyo. Nitajaribu nayo. Kama huwezi kunijibu habari ya mafuta, nijibu angalau kwamba u hai.

Mama yako

*

Thunder Bay, Ontario
30 Oktoba 1971

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Ni hai, na nisamehe. Nilikuwa kambi ya magogo kaskazini, huko barua haifiki, na Mama Koski mwenye nyumba wangu alizirundika zote kwenye kapu la nyuzi akingoja nirudi. Nimeshuka jana. Nimezisoma zako mbili kwa mkupuo, nikatoka nje nikatembea mpaka gatini na kurudi. Baba ninayemjua mimi anabeba gunia begani huku anafungua lango kwa goti. Siwezi kumwona na fimbo. Najaribu, sioni.

Kwanza kabisa, kabla ya yote: risasi ulizozijaza kwa yale mafuta ya bunduki, usizipige. Hata moja. Zitenge mbali na nyingine. Mafuta yale yanapenya, yakiifikia fataki inakufa, yakiifikia baruti inalowa. Utavuta kifyatuo isilie, au ilie kwa kuchelewa ukiwa umeshaanza kuifungua bunduki, na hiyo ya kuchelewa ndiyo inayokula uso wa mtu. Na ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa bunduki. Linateleza nyuma, nguvu yote inakwenda kwenye kufuli linaloifunga bunduki nyuma, na bunduki ile ni kongwe. Tafadhali, Mama. Hata kama msimu utapita bila nyama.

Kinachotakiwa ni kile kibati cha manjano. Ni mafuta ya sufu ya kondoo, yale yale unayopaka chuchu za ng'ombe zikipasuka, ila Baba aliyayeyusha akatia mafuta ya nyonyo kidogo. Mafuta ya bunduki ni mepesi. Yakibanwa yanakimbia, chuma kinashikana na shaba, ndiyo hayo yaliyokukuta. Haya ya sufu yakibanwa yanabaki palepale.

Maganda yasafishe kwanza, mchanga ukiingia kwenye kalibu utaikwaruza milele. Kisha gusa mafuta kwa ncha za vidole, lizungushe ganda katikati ya vidole kama unavyokunja tumbaku ya babu. Usipake kama siagi kwenye mkate. Ukiyaona, yamezidi. Unatakiwa uyasikie tu kwenye ngozi. Tumboni ndiko yanakotakiwa. Bega usilipake, mafuta yakifika pale hayana pa kwenda, yanabonyea shaba, ndiyo yale mabonde. Ndani ya shingo gusa kidogo sana kwa kijiti chenye pamba. Na mpini ukikataa, usishindane nao. Toa, paka, rudi. Baba alikuwa ananiambia, "Ukisikia unatumia nguvu, umeshakosea zamani." Ukimaliza kubana, yafute yote, ndani na nje, mpaka ganda likwaruze kidole. Ndipo fataki, ndipo baruti.

Lililonasa litoboe kitako kwa keekee, tia skrubu nene, uvute kwa bolti. Vifaa hivyo viko kwenye droo ya chini, Baba alinitengenezea siku nilipofanya kosa hilo hilo.

Mama, nitakuja. Siku ya kufungua msimu nitakuwa nyumbani, nikupigie huyo kulungu, nimwone Baba. Wote watakuwa porini siku hiyo, nani atanitazama mimi?

Mwambie. Au usimwambie. Mwaka mzima hakutaja jina langu, nilisikia kwa shangazi. Sasa sijui.

Mwanao, Arvo

*

Pelkie, Michigan
6 Novemba 1971

Arvo wangu,

Nimeipokea, nashukuru, nimelia, yamekwisha. Natumaini miguu yako ni mikavu.

Usije. Nakuandikia hilo juu kabisa ulione kabla ya mengine. Gari la kijivu limekaa karibu na duka tangu Jumatatu, na Kerttu wa posta ananiambia wanajua mama anapofunga bahasha kwenda Canada. Siku ya kwanza ya msimu ndiyo watakayokungoja, maana kila mvulana wa hapa hurudi siku hiyo.

Niliisoma barua yako kwa sauti, baba yako akiwa kwenye kiti karibu na jiko. Nilipofika kwenye kibati cha manjano akafumba macho. Nilipofika "bega usilipake" akapiga ubao wa kiti kwa mkono wa kushoto. Nikakunja barua nikamwambia, "Haya, Urho, twende." Akainuka.

Bandani alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kalibu nimeizibua kwa ile skrubu, jasho limenitoka lakini ganda limetoka. Kisha nikapaka, nikamwonyesha. Ei. Nikafuta, nikapaka tena. Ei. Mara akanishika mkono. Akakikandamiza kidole changu kwenye kibati, akakipangusa kwenye suruali yake, akakileta kwenye ganda. Nilidhani kidole hakina kitu tena. Kumbe kile kilichobaki ndicho kiasi chenyewe. Nikavuta mpini, ganda likaingia kimya, likatoka kimya. Nikamtazama. Alinyamaza. Nikafanya lingine, akanyamaza. Ndipo nilipoelewa, Arvo, kwamba neno lake bado lina maana. Jambo likiwa baya anasema ei. Likiwa zuri anakaa kimya. Miezi hii yote nilikuwa namsikiliza vibaya.

Kazi ilikwenda mpaka wakati wa kukamua. Zile risasi mbaya alizifungua mwenyewe, mimi nimeshika koleo, yeye ananiongoza kwa macho.

Sitaki kukuficha linalofuata. Nilipoona hali yake njema nikamsomea mwisho wa barua, kwamba utakuja. Alisema ei. Akarudia. Akauinua mkono kama anayezuia ng'ombe. Nikamwuliza, "Hutaki wamkamate, au humtaki yeye?" Nimemwuliza maswali mawili kwa pumzi moja, mpumbavu mimi, akageuka akatazama dirisha.

Mpaka leo natafuna neno hilo. Usije.

Mama yako

*

Thunder Bay, Ontario
11 Novemba 1971

Mama,

Shikamoo. Ni mzima.

Ei gani? Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Unaniambia umejifunza lugha yake, halafu swali langu ndilo unaloliacha nusu. Mwulize tena. Moja moja. Mwulize kama anataka kuniona. Akisema ei, nitajua, nitabaki huku, nitaoa Mkanada nizae Wakanada.

Nilikataa kwenda kupiga watu nisiowajua. Baba mwenyewe alirudi kutoka vita vyake hakuweza kusikia mlango ukipigwa kwa kishindo. Nilidhani yeye kuliko wote angeelewa. Siku ile naondoka alikuwa anapasua kuni, na hakusimamisha shoka.

Nijibu upesi. Usiponijibu, nitalichukulia hilo kuwa jibu.

Arvo

*

Duluth, Minnesota
28 Novemba 1971

Mama yangu,

Shikamoo. Ukiona mhuri wa bahasha hii, kaa chini kwanza. Mimi ni mzima, nakula, nalala kwenye kitanda chenye blanketi.

Nilingoja barua yako mpaka nikashindwa. Kila siku Mama Koski alitikisa kichwa kabla sijauliza. Nikajiambia, akinyamaza Baba maana yake ndiyo. Basi akinyamaza Mama? Nikapanda lori la mbao. Kwenye daraja la mpakani dereva alikuwa ameniambia, "Wewe sinzia, mimi nitasema." Ofisa akafungua mlango wa upande wangu. Nilikuwa nimeandaa jina jingine, nimelifanyia mazoezi njia nzima.

"Jina?"

"Arvo Harju." Lilitoka lenyewe.

"Unakwenda wapi, Arvo Harju?"

"Kwa baba yangu. Anaumwa."

Hakuwa mtu mbaya. Alinipa sigara kabla ya kunifunga pingu. Akasema, "Ungesema unakwenda kuwinda, ningekuruhusu upite."

Wakili wa hapa anasema hakimu atanipa kuchagua: nivae sare ya jeshi au nikae ndani. Unajua nitakachochagua, na sijui ni muda gani. Baba usimwambie kama hajui. Kama alisema ei ile niliyoiogopa, usiniambie sasa. Niambie baadaye, nikishazoea kuta hizi.

Ulipiga? Risasi zililia?

Mwanao, Arvo

*

Pelkie, Michigan
5 Desemba 1971

Mwanangu,

Amani iwe nawe humo ulimo. Barua yako ilinikuta nimesimama na ndoo ya maziwa, na kukaa sikukaa.

Nilikuwa na jibu lako. Niliandika, na barua imerudi kutoka Thunder Bay na mwandiko wa Mama Koski, "ameondoka." Nilichelewa kwa sababu baada ya kuwinda baba yako alishikwa na kifua, tukampeleka hospitali, na kwa siku nyingi nilikuwa nahesabu pumzi zake tu. Sasa yuko nyumbani. Amekonda lakini anakula. Nitakueleza kwa mpangilio, nikiruka nitalia.

Siku ya kufungua nilikwenda kule kwenye mierezi ya bondeni. Theluji ilikuwa imefika vifundoni. Kulungu dume akaja kwa hatua za kichoyo, akasimama, nikapiga. Risasi ililia safi, bunduki ikafunguka kama droo iliyopakwa sabuni. Akaanguka palepale. Nilipokuwa nampasua tumbo nikasikia matawi, nikainua macho, Onni Saari.

"Aune. Ni wewe uliyepiga?"

"Kwani unamwona nani mwingine hapa?"

"Bunduki ya mzee Harju, nimeijua kwa mlio." Akaokota ganda langu kwenye theluji, akaligeuza. "Urho hawezi kujaza kwa mkono ule."

"Nimejaza mimi."

"Nani kakufundisha?"

Ningeweza kusema Urho, na ingekuwa nusu ya ukweli. Nikasema, "Arvo. Kwa barua."

Alitema mate pembeni. Akalifumbata lile ganda kwenye ngumi. Nikadhani atanigeuzia mgongo kama kanisani. Akasema, "Dale alikuwa anapaka mengi mno siku zote. Mabonde kila mahali. Nilikuwa nampigia kelele." Kisha akasema, "Shika mguu huo, mimi nishike pembe. Utaumia mgongo." Tukamburuta mpaka nyumbani.

Aliingia kwa baba yako. Hajaingia tangu mazishi ya Dale. Mimi nilikuwa napika kahawa, mlango uko wazi, nikamsikia akimwambia, "Mimi mwanao sijamsamehe, Urho, nisikudanganye." Baba yako akanyamaza. Onni akasema, "Lakini wako anaandika barua." Baba yako akanyamaza tena. Walikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Usiku wa kwanza hospitalini, kifua kikimkoroma, nilimwuliza. Moja moja, kama ulivyotaka. Nikasema, "Urho, Arvo aje sasa?" Ei. Nikasema, "Unaogopa watamfunga?" Akanyamaza. Nikamsogelea nikasema, "Umemkana?" Alisema ei kwa nguvu mpaka muuguzi akaja kutazama. Nikamwuliza la mwisho, ingawa sikuwa na haja tena: "Unataka kumwona?" Alinyamaza, Arvo. Alinyamaza akinitazama, na machozi yakamwingia sikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali na mkono wake mzima niliushika mimi.

Hilo ndilo lililokuwa kwenye barua iliyorudi.

Kwamba umekamatwa nimemwambia. Sikuweza kubeba siri nyingine katika nyumba ya vyumba vitatu. Alisema ei, akasema ei, akajaribu kuinuka. Nilimwambia akae, nitauliza mabasi ya Duluth. Onni alikuwa mlangoni, ameleta kuni zilizopasuliwa.

"Basi gani?" akasema. "Mtu huyu umpandishe ngazi za basi?"

"Sina gari linalofika huko, Onni."

"Ninalo."

"Ulisema hujamsamehe."

"Nimesema nampeleka Urho. Yule wako simpeleki popote."

Kwa hiyo tunakuja Alhamisi, Mungu akipenda na barabara ikipitika. Nimemnyoa baba yako leo, nitamnyoa tena asubuhi ile. Nakuletea nyama ya kulungu iliyokaushwa, wakiikataa mlangoni tutakula sisi njiani tukirudi. Ukiitwa kwenye chumba cha wageni utatuona wawili, na nyuma yetu mzee wa tatu amesimama na kofia mkononi, amekunja uso. Mwamkie kwa heshima, hata asipoitikia. Usimwombe kitu na usimweleze kitu. Mpishe kiti.

Mama yako